Jikoni kwetu Ndosho: makabati yaliyokuja katika maboksi

Tangu shule zifunguliwe wengi wenu mmepita nyumbani kwetu Ndosho kwa kisingizio cha kutusalimu, kumbe mnataka kuona jiko. Hatukasiriki. Ila kila anayefika anauliza maswali yaleyale: bei gani, tulinunua wapi, nani alilifunga, na je, linafaa kwa nyumba ya mbao? Tumeona afadhali tuyaandike yote mara moja, pamoja na yale ambayo hatukuwaambia mlipokuwa mmesimama mlangoni mkisifu.

Tuanze na mtoto, maana bila yeye tusingekwenda dukani.

Jiko letu la zamani mnalijua, kwa sababu lenu linafanana nalo. Kibanda cha mbao na mabati nyuma ya nyumba, chini mawe ya volkano yaliyosawazishwa kwa udongo, mbabula mbili juu ya mawe hayo, sufuria juu ya mbabula, na sisi tumeinama tangu asubuhi mpaka mgongo unasahau kunyooka. Mwezi wa sita, siku ya Jumamosi, maharagi yalikuwa yanachemka. Kitinda mimba wetu, mwenye miaka minne, alikuwa anamfukuza kuku aliyeingia jikoni. Kuku alipita. Mtoto alikanyaga ukingo wa mbabula, sufuria ikalala, na maharagi yakamwagika mguuni mwake kutoka goti mpaka kwenye vidole.

Mama jirani alikuja mbio na dawa ya meno, nasi tukamwacha ampake. Sisi, walimu, wenye diploma ukutani. Muuguzi wa kituo cha afya aliiondoa ile dawa mtoto akilia mara ya pili, akatueleza kwa sauti ile ambayo sisi wenyewe huitumia darasani: mtoto akiungua, maji safi ya kawaida yatiririke juu ya kidonda dakika 20, kisha kitambaa kisafi, kisha kituoni. Si dawa ya meno, si mafuta, si unga. Tulikwenda kubadilisha bandeji kwa wiki tano. Sasa anakimbia, lakini ngozi ya pale juu ya mguu imebaki na rangi nyingine.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza tena kuweka sufuria chini bila kugeuka nyuma kuangalia mtoto yuko wapi. Tukaanza kusema: tunataka kupika tukiwa tumesimama.

Likelemba letu lina walimu wanawake 12. Kila mmoja anatoa dola 25 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wetu anapokea dola 300. Zamu yetu iliangukia mwezi wa tisa, ule mwezi ambao kila mzazi anaujua. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu mwaka 2019, lakini viatu si bure, madaftari si bure, na mkubwa wetu yuko sekondari. Baba watoto alitaka tulipe shule kwanza. Bibi, yaani mama mkwe, alitaka mabati mapya kwa sababu mvua inamdondokea kitandani. Tulibishana siku tatu. Siku ya nne bibi akamwita kitinda mimba, akamvua soksi, akautazama ule mguu, akasema mabati yatangoja. Kuhusu shule, tulikwenda kuomba kulipa kidogo kidogo mpaka Krismasi, jambo ambalo halipendezi mwalimu kumwomba mwalimu mwenzake.

Basi Jumamosi moja tukashuka mjini, pamoja na wifi na binti yetu mkubwa, pesa zikiwa zimegawanywa katika mifuko mitatu.

Tulitembea kipande cha kwanza makusudi, ili kuulizia bei. Kandokando ya barabara kutoka Ndosho kuelekea Katindo, mafundi wa mbao hufanya kazi nje, na vitu vyao hupangwa mbele ya wapita njia: kitanda, mlango, kabati la vyombo, kisha jeneza, kisha tena kitanda cha mtoto. Watu wa Goma hatushtuki, ila wageni husimama. Vumbi la mbao nyekundu ya libuyu linanukia vizuri kuliko barabara yote. Fundi mmoja alituambia makabati matatu ya chini na moja la juu, kwa libuyu, ni dola 380. Kwa mbao za mkaratusi, 220, lakini alitaka nusu mkononi na tungojee wiki sita, na mkaratusi ambao haujakauka vizuri hujikunja, hilo tunalijua kwa mlango wetu wenyewe. Tukamshukuru, tukapanda moto mpaka Signers.

Toka pale tulishuka kwa miguu, tukapita kwenye mzunguko wa sanamu ya chukudu iliyopakwa rangi ya dhahabu, kisha tukaingia upande wa Birere, karibu na mpaka, ambako kila kitu cha dunia kinauzwa katika chumba cha mita tatu. Duka lenyewe hatutalitaja. Ndani, jiko lilikuwa limesimama tayari ukutani: jeupe, linang'aa, milango inafunga bila kelele, beseni la kuoshea vyombo la chuma, sehemu ya kuweka vijiko. Dola 260. Wifi aliufungua na kuufunga mlango mmoja mara kumi hivi. Tuliomba mpaka likafika 245.

"Lile pale ni la kuonyesha tu," muuzaji akasema. "Lenu liko ndani ya maboksi. Mama mwalimu, mtalifunga wenyewe, hata mtoto anaweza. Hii kitu ilibuniwa na wazungu wavivu."

Hapo tulinyamaza kwa sababu ya punguzo, lakini ngoja tumjibu hapa. Jiko la namna hii, lenye makabati yaliyopangwa ukutani na kila kitu mahali pake, lina mama yake. Anaitwa Margarete Schütte-Lihotzky, mwanamke wa Austria aliyesomea kuchora majengo wakati wanawake wa kazi hiyo walihesabika kwa vidole. Mwaka 1926 alichora jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi katika mji wa Frankfurt, Ujerumani. Alihesabu hatua za mama jikoni, kutoka moto hadi maji, kutoka maji hadi meza, akatazama pia jinsi wapishi wa treni wanavyofanya kazi katika nafasi ndogo. Jiko lake lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, na nyumba zipatazo 10,000 ziliwekewa. Wamama, tulipima kibanda chetu cha nyuma kwa utepe: kimepungua sentimita chache tu kwa vipimo hivyo. Jambo la kuchekesha ni kwamba mwenyewe baadaye alikiri kuwa kabla ya kulichora hakuwahi kupika wala kuendesha nyumba. Aliaga dunia mwaka 2000, siku tano kabla ya kutimiza miaka 103.

Na maboksi je? Hayo ni ya Sweden. Mwaka 1956 mfanyakazi wa kampuni ya IKEA alishindwa kuingiza meza ndani ya gari, akaing'oa miguu. Kampuni ikaona kumbe meza inaweza kusafiri imelala, na mnunuzi akaiunganisha nyumbani. Tuseme ukweli lakini, hilo si jambo ambalo Goma ilihitaji kufundishwa. Baada ya volkano ya 2002 ni nyumba ngapi za mbao zilisimamishwa juu ya jiwe bado lina joto? Na ni ngapi tumeziona zikifumuliwa, ukuta kwa ukuta, zikapakiwa kwenye lori pamoja na milango na madirisha yake, kwa sababu mwenye parseli amelitaka shamba lake? Nyumba yetu wenyewe ilitoka Mabanga hivyohivyo.

Tulirudi na maboksi manne juu ya chukudu, kwa dola 6. Mwenye chukudu alikuwa kijana mwembamba, lakini mnajua nguvu ya watu wale. Chukudu ni magurudumu mawili ya mti, usukani wa mti, na kipande cha mpira cha kuwekea goti. Haina moto wala mafuta, lakini tumeona ikibeba magunia ya viazi ambayo ng'ombe angekataa. Kwenye mteremko anapanda, kwenye mlima tunasukuma wote. Tulipofika karibu na Katindo akanyoosha kidevu kuelekea Nyiragongo, mahali ambapo wingu lilikuwa jeusi.

"Mama, mvua iko inakuja."

Tulifunika maboksi ya juu kwa vitenge vyetu viwili na mfuko wa plastiki. Boksi la chini hakuna aliyelifikiria. Maji ya Goma hayaanguki tu, yanakimbia barabarani, na gurudumu la mbele likawa linalirushia boksi lile matope njia yote. Tulifika nyumbani tumelowa, tunacheka, tukijisifu kwamba tumeokoa mzigo.

Jioni tuliyafungua sebuleni. Kulikuwa na mbao 31 nyeupe, mfuko wa skrubu, mfuko wa vijiti vidogo vya mti, na karatasi yenye maandishi ya Kichina na Kifaransa cha ajabu ambacho hata mwalimu wa Kifaransa aliyekuwa amekuja kuchungulia alishindwa kukisahihisha. Picha zilisaidia. Shemeji alileta turnavisi, baba watoto akaleta nyingine, na kila mmoja akaanza upande wake kama watu wanaochimba handaki kukutana katikati. Hawakukutana. Saa tatu ya usiku tulikuwa na kabati moja lenye mlango unaofungukia ukutani.

Kesho yake tukapanga kazi kama tunavyopanga somo. Kwanza kuhesabu vipande vyote kwa kulinganisha na karatasi, kabla ya kugusa skrubu hata moja. Ndipo tukagundua kwamba bawaba mbili hazikuwemo, zile ambazo mafundi wetu huita sharnyeri. Wifi alipanda moto mpaka dukani. Muuzaji alimtazama vizuri, akasema, "Kile kilitoka, kilishatoka." Ndiyo maana tunawaambia: fungueni maboksi palepale dukani, hesabuni mbele ya muuzaji, hata kama anakunja uso. Bawaba tulizipata Birere kwa dola 4, si za rangi ileile, lakini mlango haujali.

Kisha tukakutana na sakafu. Karatasi ya Kichina inafikiri kwamba nyumba zote duniani ziko sawasawa. Sisi tumejenga juu ya jiwe la volkano, na jiwe lile lilipoganda halikutuuliza. Mnara wa makabati matatu uliegemea kushoto kama mlevi. Baba watoto aliomba nivo kwa jirani, hakupata, basi tukatumia mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, tumeujaza maji. Ncha moja unaishika mwanzo wa ukuta, nyingine mwisho. Maji yakitulia, yatakuwa kimo kimoja pande zote mbili, hata kama sakafu inadanganya. Unaweka alama kwa chaki. Watoto wote wa kartie walikuja kutazama, na tuliwafundisha fizikia bila kutoza senti. Kati ya mwanzo na mwisho wa ukuta wetu kulikuwa na tofauti ya sentimita 7.

Kabati la juu ndilo lililotushinda kabisa. Ukuta wetu ni mbao nyembamba. Tulipolining'iniza na kuweka sahani sita tu, ukuta mzima ulipumua. Na siku ileile, wakati tunainua kabati la beseni, tuliona ubao wake wa chini umevimba kama ndazi ndani ya chai. Ulikuwa umetoka katika lile boksi la chini.

Tukakubali. Tukamwita fundi wa Ndosho, mzee mmoja ambaye hutengeneza madawati ya shule. Alibonyeza ule ubao kwa kidole, ukamomonyoka.

"Hii haiko mbao," akasema, "iko unga."

Ni kweli. Mbao hizi ni unga na vipande vidogo vya miti vilivyoshikwa kwa gundi, juu yake ngozi nyeupe ya plastiki. Ngozi haipitishi maji, lakini kingo zilizokatwa na matundu ya skrubu hunywa maji kama mtu aliyetoka safari. Mzee alikata ubao mpya wa libuyu badala ya ule uliooza. Kisha alipaka verni kwenye kila ukingo na ndani ya kila tundu, mara mbili, akangoja ikauke. Nyuma ya ukuta alisimamisha nguzo mbili za mkaratusi toka chini mpaka kwenye paa, akafunga ubao wa kulala kati yake, na kabati la juu likashikwa na nguzo, si na ukuta. Chini ya makabati aliweka miguu ya libuyu, kila mmoja wa kimo chake, kwa kufuata alama zetu za chaki. Kazi ya siku moja na nusu, dola 30 pamoja na mbao.

Beseni ni zuri, lakini bomba halifiki ndani ya parseli yetu. Tunachota kama zamani. Tulitoboa bidoni ya lita 20, tukaifunga robine, tukaiweka juu ya rafu. Mpira wa chini unapeleka maji machafu nje, katika shimo tulilolijaza kokoto, mbali na tangi la mvua. Hiyo yote dola 5. Maji ya kunywa bado tunaweka klori, jiko jipya halijabadilisha ziwa.

Na sasa jambo ambalo hatukuwaambia mlipokuja. Siku ya kwanza ya kupika, tulisimama mbele ya jiko letu jeupe, mbabula mkononi, makala yanawaka, na hatukuwa na mahali pa kuiweka. Juu ya ubao ule haiwezekani, plastiki ingeungua na unga ungeshika moto. Karatasi ya Kichina ilifikiri pia kwamba kila mtu anapika kwa umeme. Baba watoto aliiweka mbabula chini, palepale ilipokuwa mwezi wa sita. Hakuna aliyesema kitu. Kitinda mimba akapita anakimbia.

Wiki iliyofuata shemeji alivunja mawe ya volkano katika parseli, mawe ambayo siku zote tunayalaani kwa sababu ya kuua viatu. Kwa mfuko mmoja wa simenti na mchanga, dola 18, alijenga meza ya jiwe yenye kimo cha kiuno, kando ya dirisha, na juu yake nafasi mbili za mbabula zenye ukingo ili sufuria isiteleze. Juu ya hapo alifungua mabati, akaweka bomba la kutoa moshi. Dirisha halifungwi kamwe wakati makala yanawaka, kwa maana hewa ya makala huua watu waliolala bila hata kuwaamsha. Mtoto wa miaka minne hafikii sufuria. Tumempima.

Mkihesabu, makabati 245, chukudu 6, bawaba 4, fundi 30, maji 5, meza ya jiwe 18. Jumla dola 308 katika likelemba la 300. Kilichotutuma dukani tulikipata kwa zile 18. Makabati yanatupa furaha, hatukatai: panya hawaingii katika unga, vyombo havina masizi, na binti yetu mkubwa sasa anasomea jikoni wakati maharagi yanaiva. Lakini mwenye dola 20 tu asiseme anangoja zamu yake.

Bibi ndiye aliyebaki kimya muda wote. Tarehe 17 Januari 2002 alikuwa anaishi karibu na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Volkano ililichukua kanisa, ikachukua nyumba yake, naye akavuka Gisenyi na sufuria moja na mtoto mgongoni, ambaye leo ni shemeji. Mwezi wa tano 2021, wakuu walipoamuru mitaa 10 ya mji iondoke, mtaa wetu haukuwamo katika orodha, lakini ardhi ilikuwa inatetemeka na hakuna aliyelala. Tulitembea naye mpaka Sake, zaidi ya kilometa 20. Safari hiyo alibeba sufuria ileile.

Fundi alipokuwa anakusanya vyombo vyake, bibi alimuuliza swali moja tu: "Papa fundi, hii inafumuliwa kwa dakika ngapi?"

Mzee hakucheka. Alikuwa amefunga kila kitu kwa skrubu, si msumari hata mmoja. Aliomba chaki yetu, akaandika namba nyuma ya kila ubao, kutoka 1 hadi 31, na mshale wa kuonyesha juu. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulijaribu kabati moja. Dakika 11, pamoja na kutafuta skrubu iliyoanguka. Turnavisi sasa ina msumari wake kando ya mlango, chini ya sufuria ya bibi, na watoto wamekatazwa kuichezea.